Alikamatwa akitoka kunywa dawa: kisa cha Malindi na huu mjadala wa kuhalalisha

Kisa hiki ni cha fundi mmoja wa injini za boti hapa Malindi. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo na nimekichanganya na yalowakuta wenzake wengine asije akajulikana, kwa hivyo msianze kuulizana huyo ni mtoto wa nani. Nakiandika manake kila mjadala wa kulegeza sheria za madawa ukiibuka watu wanagawana pande mbili, huku halalisheni huku fungeni wote, na hakuna anayekaa kitako kuangalia sheria ikimshika mtu inamshika vipi, siku gani, na nani anabaki akilipa.

Fundi alianza kama wengi wa rika lake, kwa kokteli, yaani bangi na tumbaku na unga kidogo ndani ya msokoto mmoja. Huo unga, heroini, sio balaa geni huku kwetu, tangu miaka ya 80 ulikuwa ushaanza kuzunguka mitaa ya pwani na mwaka 1995 Omari Project ikaanzishwa hapahapa Malindi kusaidia waraibu, nchi yenyewe bado inajifanya haioni. Baada ya kokteli akaingia kuvutia kwenye foili, baadae sindano. Vifaa vya kazi vikaenda kimoja kimoja, spana, jeki, mpaka siku alipouza propela ya mteja na hapo ndio jeti nzima, gatini kwenye boti, wakamfungia mlango.

Kilichomtoa ni methadoni, dawa ya kutibia uraibu wa unga. Hospitali ya Mathari kule Nairobi ilianza kuitoa Disemba 2014 na Malindi ikafuata 2015, tukawa miongoni mwa miji ya kwanza Kenya kuwa na kliniki yake. Kwa asojua inavyokwenda: unafika asubuhi na kadi yako, unapimiwa dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, unaimeza mbele ya mhudumu, unashushia na maji na unaongea maneno mawili matatu aone mdomo uko mtupu na hukuficha ukatoke ukauze. Kubeba nyumbani hakuna, labda kwa ruhusa maalum. Na ni kila siku, Jumapili ndani, Idi ndani, Krismasi ndani. Methadoni nayo ni ya ukoo wa afyuni kama unga, hapo wanaosema ni madawa kwa madawa hawajakosea, ila inapanda polepole na inakaa mwilini siku nzima na zaidi, kwa hivyo mtu haruki na wala hapigwi na arosto, yaani yale maumivu ya kukosa dawa, anashika spana anafanya kazi. Fundi alikaa hivo zaidi ya mwaka. Akarudi jeti, wakaanza kumpa vijikazi, kwanza kusafisha plagi, halafu kabureta, halafu wakamwachia injini nzima.

Bangi hakuacha. Niliseme mapema manake ndiyo ilomponza. Jioni alikuwa na msokoto wake mmoja na kliniki walikuwa wanajua, wanamsema, lakini hawakumfukuza kwa hilo.

Sasa Ijumaa moja katoka kunywa dozi, akapitia maskani ya zamani, pale wanapokaa watumiaji, kumdai jamaa pesa ya kazi. Hakukaa hata sana. Polisi wakaingia kwa msako, wakabeba wote walokuwepo. Mfukoni mwake wakatoa msokoto mmoja wa bangi, na pale chini kwenye mchanga kulikuwa na foili zilizoungua na bomba moja la sindano ambalo kila mtu alisema sio lake. Mashtaka yakawa mawili, kupatikana na bangi, na kupatikana mahali watu wanapokusanyika kutumia madawa.

Hilo la pili wengi hawalijui kabisa. Sheria yetu ya madawa ya kulevya ya 1994, kifungu cha 5, haimshiki mtumiaji peke yake, inamshika pia alokutwa bila sababu ya maana kwenye nyumba au mahali pa kutumia, na alokutwa na kiko au kifaa cha kuvutia, na adhabu yake inaweza kufika miaka 10 au faini ya 250,000 au vyote viwili. Hiyo bangi ya kujivutia mwenyewe ndiyo walopunguza: zamani ilikuwa miaka 10 ndani, marekebisho ya 2022 yakaishusha mpaka isizidi miaka 5 au faini isozidi 100,000. Kwa hivyo wale wanaosema Kenya haijawahi kulegeza kitu, imelegeza, ila kimyakimya, na imelegeza ile sehemu ambayo watu wanaipigia kelele tu.

Kwa nini nimetaja kuwa ilikuwa Ijumaa? Katiba kifungu cha 49 inasema ulokamatwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini zikiishia siku ambayo korti haifanyi kazi basi ni siku ya kazi inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa mchana wewe ni wa Jumatatu. Kwa mtu wa kawaida hizo ni mbu na kulala kwenye saruji, kwa mtu wa methadoni ni dozi ya Jumamosi imekosa, ya Jumapili imekosa, na ya Jumatatu asubuhi vilevile.

Mamake alifika kituoni Jumamosi asubuhi na kadi ya kliniki mkononi. "Afande, mwanangu yuko kwenye dawa, asipokunywa ataumwa." Afande wala hakumfokea, tuwe wakweli, alimjibu kwa adabu tu: "Mama, hapa sio hospitali. Na hiyo methadoni si madawa pia?" Mama akaenda kliniki, kule nao wakamweleza vile ilivyo, kwamba dozi haitoki bila mwenyewe kuwepo, polisi wakimleta hata chini ya ulinzi watampa. Akarudi kituoni, akaambiwa gari hakuna. Akasema atalipa tuktuk, akaambiwa mahabusu hapandishwi tuktuk. Kila mmoja pale anafuata utaratibu wake na hakuna ambaye unaweza kumnyooshea kidole ukasema huyu ndiye mbaya, na hapo ndipo mimi nilipoanza kupata hasira, manake ningependa awepo mbaya mmoja tukamalizana naye. Kituo na hospitali ni mwendo wa dakika chache tu.

Arosto ya methadoni inachelewa kuanza kuliko ya unga, lakini ikianza inaburura. Jumapili usiku miayo, makamasi, macho yanatoka maji. Jumatatu anaharisha, mifupa inauma, nywele za mwili zimesimama na yuko jasho. Ndivo alivyopandishwa kizimbani. Wakili hana. Akasomewa mashtaka, ni kweli au si kweli? Ni kweli. Yote mawili, ni kweli. Nimekaa kwenye mabenchi ya korti kiasi cha kutosha, najitolea kusaidia watu wa mtaani na makaratasi yao, na nawaambia hicho ndicho kitu kinachojirudia kuliko vyote kwa hawa vijana: mtu akiwa kwenye arosto atakubali chochote kitakachomaliza maneno haraka, hata ukimsomea kuwa aliiba Nguzo ya Vasco da Gama atasema ni kweli. Ile sheria yenyewe ina sehemu inayompa hakimu nafasi ya kumwelekeza mraibu kwenye matibabu. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma nayo ina sera ya kuzitoa kesi ndogo nje ya korti. Vyote viwili vinataka mtu wa kusimama aseme, mheshimiwa, huyu ni mgonjwa wa kliniki, kadi yake hii hapa. Hakuna alosimama. Mama alikuwa nje kwenye korido na kadi, hakujua hata kama anaruhusiwa kuongea.

Faini elfu 20 au miezi minne. Dadake akaomba zamu yake kwenye chama isogezwe mbele, ami yake akatoa kidogo, jeti wakachangishana (na hao ndio waliomfungia mlango zamani), ikachukua wiki mbili na kitu. Huko ndani methadoni hakupata.

Hapa ndio pa kuelewa vizuri manake hapa ndipo watu wanapokufa. Mwili wa mtu alozoea afyuni unabeba kiasi ambacho wewe na mimi kingetulaza moja kwa moja, lakini ukikaa wiki kadhaa bila kitu ule ustahimilivu unashuka. Kichwa kinakumbuka kiasi cha zamani, mwili hauna tena. Upande wa kliniki, mtu alokosa dozi siku nyingi hawezi kurudishiwa kiwango chake cha mwisho kwa sababu hiyohiyo, anaanzishwa chini upya, miligramu 20 au 30, halafu wanapanda naye taratibu kwa wiki kadhaa. Hizo wiki za kupanda dozi bado haitoshi, arosto iko palepale, na pusha, muuza unga, yuko nje ya duka anamsabahi.

Siku ya tatu baada ya kutoka alinunua kete ya unga. Alijidunga kiasi chake cha zamani. Wenzake walimkuta kwenye banda la boti anakoroma ule mkoromo mbaya, midomo imekuwa ya samawati, mboni za macho zimekuwa nukta. Wakammwagia maji, mwengine akakimbilia maziwa amnyweshe, bahati kuna mzee akamzuia (mtu alozimia ukimnywesha kitu kinaingia kwenye mapafu, jamani, maziwa hayatoi unga mwilini, wacheni hiyo habari). Tuktuk mpaka hospitali, akadungwa naloksoni, dawa inayouondoa unga pale uliposhika kwenye ubongo ndani ya dakika chache tu, na akaanza kuvuta pumzi. Wakamweka chini ya uangalizi manake naloksoni inaisha mapema kuliko unga wenyewe na mtu anaweza kuzama tena. Alipona.

Sasa turudi kwenye huo mjadala. Mimi nikisikia mapendekezo napenda kuyapitisha kwenye kisa kama hiki nione ni lipi lingembadilishia nini huyu fundi.

Tuanze na kuhalalisha bangi. Mwaka 2017 kuna ombi lilipelekwa Seneti na Gwada Ogot, 2018 marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akaja na mswada wake, 2021 Marasta wakaenda Mahakama Kuu kudai ni ibada, na 2022 Profesa Wajackoyah akaigombania urais kabisa, bangi iuzwe ng'ambo ilipe madeni. Tuseme yote yangepita. Ijumaa ile shtaka la kwanza lingeanguka, la pili lingebaki palepale, na dozi zingekosekana vilevile. Sisemi bangi haistahili kujadiliwa, nasema kijana wa Shela au Maweni alozama kwenye unga hana chake kwenye mswada huo.

Ureno ndiyo inayotajwa sana na wengi wanaitaja vibaya, ati wamehalalisha. Hawakuhalalisha. Tangu 2001 kuuza ni jinai kama kawaida, ila ukikutwa na kiasi cha matumizi yako ya siku 10, ambayo kwa heroini wamehesabu gramu moja na bangi gramu 25, hupelekwi korti ya jinai, unapelekwa mbele ya kamati ya watu watatu inayochanganya mambo ya sheria, afya na ustawi wa jamii. Fundi pale angeulizwa, uko kwenye matibabu? Niko. Kadi? Hii hapa. Nenda, na maskani wachana nayo. Jumamosi asubuhi angekuwa kwenye foleni ya dozi.

Halafu kuna Oregon kule Marekani, ambayo wapenda kulegeza hawapendi kuikumbuka. Walipiga kura 2020, kuanzia 2021 alokutwa na kiasi kidogo cha madawa yoyote akawa anaandikiwa tiketi ya dola 100, na angeweza kufutiwa akipiga simu ya kupimwa. Waliopiga simu walikuwa wachache mno, pesa za vituo vya matibabu zikachelewa, fentanili, afyuni ya kutengenezwa iliyo kali kuliko heroini, ikaingia wakati huohuo, na 2024 wenyewe wakairudisha kuwa jinai. Wale walilegeza sheria kabla matibabu hayajasimama. Sisi Malindi tuko kinyume chao, matibabu tunayo, foleni tunayo, wahudumu wanaojua kazi tunao, sheria ndiyo inayomchomoa mtu kwenye foleni na kumrudisha maskani. Nchi nyingine ingelipa kupata nusu ya hiyo tuliyo nayo, ingawa nayo imesimama kwa pesa za wafadhili na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada tuliona vile roho zilivyokuwa juu.

Nilibishana na ami yake juu ya haya, barazani, mbele ya wazee wengine, na hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Akanambia, "Mwanangu, wewe unataka kulegeza, mimi nina wajukuu. Kila kilichoruhusiwa huku kimetumaliza. Angalia mogoka." Nikakosa la kusema kwa muda manake ana haki yake. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku mogoka, ambayo ni aina ya miraa, wa Kilifi akafuata, huku pwani watu wakashangilia, na haikuchukua hata mwezi, korti kule Embu ikasimamisha, Rais naye akasema marufuku hiyo haina nguvu, kwa sababu miraa ni zao halali lenye kanuni zake na wakulima wake na wabunge wao. Sasa niambieni siku bangi itakapokuwa na bodi yake na wakulima wake, kaunti za pwani zitakuwa na sauti gani? Ndiyo maana mimi na ami tulikutana sehemu moja ambayo hakuna aloitarajia: mimi biashara ya madawa sitaki ihalalishwe, wala ya unga wala ya bangi. Ninachotaka kitoke kwenye jinai ni kutumia, kubeba kidogo, kubeba bomba, na hiki kichekesho cha kukutwa mahali. Ami akasema hayo yake hayana neno, "lakini muuzaji anyongwe." Hapo tena tukaachana, ila haya ni maendeleo.

Kuhusu muuzaji, tusidanganyane. Disemba 2004 ilikamatwa kokeini zaidi ya tani moja, nyengine bohari ya Embakasi Nairobi na nyengine hapahapa Malindi kwenye nyumba ya kifahari. Mwaka 2014 meli ya jeshi la Australia, HMAS Darwin, ilinasa zaidi ya kilo 1,000 za heroini baharini upande wetu huu, na mwaka huohuo serikali ikailipua meli ya Al Noor na heroini yake ndani Rais akiangalia. Ndugu wa Akasha wa Mombasa, miaka yote tunayasikia majina, walihukumiwa New York, sio hapa, mmoja miaka 25 na mwengine 23. Msako wa maskani haujawahi kufika huko. Unafika kwa fundi aloenda kudai pesa yake, na unaandikwa kwenye ripoti kuwa ni vita dhidi ya madawa.

Wengine wataniuliza, sasa bunge likikataa kubadilisha? Yako mambo hayahitaji bunge. Sheria ya 2014 ya watu walonyimwa uhuru inatambua haki yao ya matibabu, na Katiba kifungu cha 43 inaitaja afya. Kituo kikiwa na namba ya kliniki ukutani na ruhusa ya kumpeleka mahabusu akanywe dozi asubuhi arudi, tatizo la Ijumaa limekwisha. Kliniki wakimpa kila mgonjwa barua inayoeleza kwa lugha nyepesi kuwa hii ni tiba na akikosa siku kadhaa kuna hatari ya kufa, mama hatasimama kaunta akibishana na afande kama methadoni ni madawa au sio madawa. Sindano safi zilipoanza kutolewa pwani mwaka 2012 na 2013 misikitini kulikuwa moto, ati tunafundisha watoto kujidunga, wakati miongoni mwa wanaojidunga Kenya makadirio ya virusi vya ukimwi yalikuwa asilimia 18 hivi. Leo masheikh wale wale baadhi yao ndio wanaotuletea vijana. Walikuja kwa kuona, sio kwa kushindwa hoja.

Fundi amerudi kliniki na dozi yake imepanda tena, bado haijafika pale ilipokuwa. Jeti wanampa kazi. Kilichobaki ni rekodi. Kuna sehemu walikuwa wanatafuta fundi wa boti za watalii kwa mshahara wa mwezi, wakataka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, hakuomba hata. Rufaa ya kawaida ni siku 14 na zilishapita akiwa ndani, na ukishakiri kosa nafasi ya kukata rufaa inabanwa sana, unabaki kulalamikia adhabu tu. Ilobaki ni kuiomba Mahakama Kuu hapa Malindi iliite faili na kuliangalia upya, kwamba alokiri alikuwa kwenye arosto na hakuwa na wakili. Barua ya kwanza nimeiandika mimi na inaonekana kabisa iliandikwa na mtu asokuwa wakili. Kama kuna wakili wa huku alo tayari kuipitia bila malipo, karatasi zote anazo mama kwenye bahasha, mwenendo wa kesi, risiti ya faini, na kadi ya kliniki yenye zile siku ambazo hazikuwekwa tiki.